Kirkman: Mwingereza aliyehesabu vigae vya Gede

MIZIZI ya miti ilikuwa imepasua kuta, na paa la msikiti mkuu lilikuwa limekwisha kuporomoka zamani, wakati James Spedding Kirkman alipokabidhiwa magofu ya Gede, karibu na Malindi, mwaka 1948. Alikuwa Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1906, na kazi aliyopewa ilikuwa kuutunza mji uliokufa: kuufyeka, kuuchimba na kuueleza ulimwengu ulijengwa na nani.

Sehemu mbili za kwanza za kazi hiyo zilimletea sifa ambayo haijafifia. Sehemu ya tatu ndiyo iliyomponyoka. Jibu alilolitoa kuhusu wajenzi wa miji ya mawe ya Pwani limekataliwa na takriban wataalamu wote waliomfuata. Jambo la kustaajabisha ni kwamba ushahidi uliotumiwa kulikataa ni wa aina ile ile ambayo yeye mwenyewe aliifukua, akaipanga na kuichapisha bila kuficha chochote, yaani vigae vya vyungu.

Maisha ya mtu huyo yanawahusu hata Wakenya wanaoishi mbali na bahari. Huko Muthara na kwingineko katika Tigania, kama ilivyo katika nchi yote ya Wameru, wazee wamesimulia kwa vizazi vingi kwamba mababu zao walitoka mahali palipoitwa Mbwaa, kisiwa kilichozungukwa na maji, walikotawaliwa na watu wa nguo nyekundu hadi walipotoroka usiku na kuvuka maji wakielekea bara. Wapo wanahistoria, akiwemo Mmarekani Jeffrey Fadiman, waliokitafuta kisiwa hicho katika Pwani ya kaskazini, upande wa Manda. Swali lililo ndani ya simulizi hiyo ndilo lililomkabili Kirkman kwa miaka zaidi ya ishirini: je, Pwani na bara zilikuwa dunia mbili, au dunia moja?

Mji usio na mwandishi

Gede haikuwa siri kwa wenyeji. Wagiriama waliolima kandokando ya msitu waliyajua magofu na kuyaheshimu, wakiamini kwamba yana wenyewe wasioonekana. Miongoni mwa Wazungu, Sir John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza huko Zanzibar, aliyatembelea mwaka 1884. Serikali ya kikoloni iliyaweka chini ya ulinzi mwishoni mwa miaka ya 1920, lakini uchimbaji wa kitaalamu ulikuwa bado kuanza.

Ukimya wa maandishi ndio uliolifanya fumbo hilo kuwa zito. Wareno waliishi Malindi kwa sehemu kubwa ya karne ya 16, mwendo wa kilomita zipatazo 16 tu, lakini kumbukumbu zao haziutaji waziwazi mji huo mkubwa uliokuwa na msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima virefu na kuta mbili za kuuzunguka. Pasipo hati, ilibidi udongo uzungumze.

Mwaka huo wa 1948 Gede ilifanywa hifadhi ya taifa, na Kirkman akawa msimamizi wake. Baadaye aliandika kwamba, alipoanza kazi, alihisi kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akimchungulia kutoka nyuma ya kuta, asiye rafiki wala adui, aliyekuwa akingoja tu jambo alilojua kwamba litatokea.

Aliendelea kuchimba huko kwa takriban miaka kumi. Vibarua wake, wengi wao wakiwa watu wa vijiji vya jirani, walikata vichaka, wakachimba mashimo yaliyonyooka kingo, wakachekecha udongo tabaka baada ya tabaka. Kilichojaa katika makarai yao hakikuwa dhahabu wala lulu. Kilikuwa vigae, maelfu kwa maelfu.

Kigae kama kalenda

Asiyeijua akiolojia huweza kuuliza thamani ya kipande cha chungu kilichovunjika. Jibu ni kwamba kigae hakiozi. Mbao huliwa na mchwa, chuma hushikwa na kutu, nguo huoza kwa unyevu wa Pwani, na dhahabu huibwa. Chungu kikishachomwa motoni hugeuka kuwa kitu kinachokaribia jiwe. Kikivunjika hutupwa jalalani, hakuna anayekihitaji tena, nacho hubaki pale pale miaka mia sita.

Zaidi ya hayo, mitindo ya vyombo hubadilika kama mitindo ya mavazi. Viwanda vya China, Uajemi na Yemen vilitengeneza bakuli na sahani za namna fulani katika karne fulani, kisha vikageukia namna nyingine. Anayejua mpangilio huo akiokota kigae cha kaure ya kijani kutoka China chini ya sakafu ya nyumba, anajua kwamba sakafu hiyo haikuwekwa kabla ya bakuli hilo kufinyangwa.

Hiyo ndiyo kalenda aliyoitumia Kirkman. Katika tabaka za chini alipata vyombo vya Kiislamu vya rangi ya manjano vyenye mistari myeusi, vilivyoingia Pwani kwa wingi katika karne ya 14. Juu yake zikaja kaure za kijani za China, na juu zaidi zile nyeupe zenye michoro ya buluu za enzi ya Ming. Kaburi moja lenye maandishi ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia, lilimpa nguzo ya kuufungia mpangilio wote.

Vyombo hivyo vilisimulia pia habari za biashara. Bakuli lililotoka kusini mwa China lilipakiwa merikebuni, likavuka bahari hadi bandari za India au za Ghuba, likabadilishwa mikono, kisha likasukumwa na pepo za kaskazi hadi Afrika Mashariki. Jahazi hilo lilirudi na kusi likiwa limesheheni pembe za ndovu, ambergris, boriti za mikoko na mazao mengine ya nchi. Huko Mambrui, kaskazini ya Malindi, bakuli za kaure zilipachikwa kwenye nguzo ya kaburi ili kila mpita njia aone utajiri wa marehemu.

Kirkman alizipa nyumba za Gede majina kutokana na kilichopatikana ndani yake. Ikawapo Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kasha la Pembe, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Ushanga wa Venisi, Nyumba ya Bakuli la Kaure. Kwa njia hiyo mji uliokosa mwandishi ukapata anwani.

Ripoti yake ya kwanza kubwa ilitoka mwaka 1954, ikieleza uchimbaji wa msikiti mkuu, na ile ya jumba la mtawala ikafuata mwaka 1963. Katikati ya kazi hiyo alichimba pia Kilepwa katika hori ya Mida, Mnarani huko Kilifi, Takwa katika kisiwa cha Manda, Ras Mkumbuu huko Pemba, na Ungwana, karibu na mahali ambapo Mto Tana unaingia baharini.

Kutoka gereza hadi makumbusho

Mwaka 1958 alikabidhiwa mzigo mwingine. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga Mombasa mwaka 1593, ilikuwa imetumiwa na serikali ya kikoloni kuwa gereza tangu mwaka 1895. Wafungwa walihamishwa, ngome ikatangazwa kuwa mnara wa kihistoria, na kwa msaada wa fedha za Wakfu wa Gulbenkian wa Lisbon kazi ya kuikarabati ikaanza chini ya Kirkman.

Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1960, naye akawa msimamizi wake wa kwanza. Aliendelea kuchimba ndani ya ngome kwa miaka kadhaa, akitenganisha tabaka za Wareno na zile za Waarabu wa Omani, walioiteka Desemba 1698 baada ya mazingira yaliyodumu karibu miaka mitatu. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1974.

Mamia ya maelfu ya wanafunzi waliopita katika lango la ngome hiyo tangu wakati huo, wakiwemo waliosafiri kwa mabasi kutoka Meru na Embu, waliingia katika nyumba ambayo mtu huyu aliigeuza kutoka mahali pa kufungia watu ikawa mahali pa kuwafundisha.

Hukumu iliyopotoka

Mwaka 1964, miezi michache baada ya Kenya kujitawala, Kirkman alitoa kitabu kwa ajili ya wasomaji wa kawaida kuhusu watu na majengo ya kale ya Pwani. Humo alieleza msimamo wake bila kuuma maneno. Majengo ya kale ya Afrika Mashariki, alishikilia, si mali ya Waafrika bali ya Waarabu na Waajemi waliokuwa wamefuata desturi za Kiarabu. Alikiri kwamba damu yao ilichanganyika na ya wenyeji, lakini kwa utamaduni aliwaona kuwa mbali kabisa na Waafrika waliowazunguka. Hata ripoti yake ya mwaka 1954 ilikuwa imeiita Gede mji wa Waarabu katika anwani yake.

Hakuwa peke yake. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa na Manda na kuiongoza Taasisi ya Uingereza ya Historia na Akiolojia katika Afrika Mashariki, naye aliitafuta asili ya miji hiyo ng'ambo ya bahari. Ulikuwa wakati ambapo wasomi wengi wa Ulaya, wakiona ukuta wa mawe uliosimama wima katika Afrika, waliuliza kwanza ni mgeni gani aliyeujenga.

Athari za hukumu hiyo hazikubaki vitabuni. Ikiwa miji ni ya wageni, basi Waswahili ni wageni katika nchi yao, na Mwafrika wa bara hana chake katika Pwani isipokuwa kumbukumbu ya utumwa. Taifa changa lililokuwa likijitafutia historia lilikuwa likiambiwa kwamba mlango wake wa baharini ulijengwa na wengine.

Kosa hilo lilikuwa na chanzo katika mbinu yenyewe. Kirkman alihitaji tarehe, na vyombo vilivyompa tarehe ni vile vya kigeni. Macho yake yalivutwa na bakuli la Kichina na sahani ya Kiajemi. Lakini vyombo hivyo vilikuwa sehemu ndogo tu ya kilichotoka ardhini. Sehemu kubwa ya vigae ilikuwa ya vyungu vya kupikia, mitungi ya maji na mabakuli ya udongo wa pale pale, vilivyofinyangwa kwa mkono bila gurudumu, vikasawazishwa, vikachorwa mistari shingoni kwa ncha ya kijiti na kuchomwa katika moto wa wazi.

Sifa yake ni kwamba hakuvitupa. Wachimbaji wengi wa zama hizo walibakiza vipande vizuri na kuacha vingine vikiwa kifusi. Kirkman aliviainisha vyombo vya kienyeji kwa umbo na nakshi, akachora michoro yake na kuichapisha. Vigae hivyo alivihesabu yeye mwenyewe. Maana yake ndiyo aliyoiachia wengine waione.

Waliovisoma upya

Kizazi kilichofuata kilianza kwa kuuliza swali jingine. Badala ya kuuliza bakuli hili lilitoka wapi, kiliuliza nani alipika katika chungu hiki.

Kati ya mwaka 1980 na 1988 Mwingereza Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate. Alifika hadi tabaka za karne ya 8 na kukuta kijiji cha nyumba za udongo na miti, kilichokua hatua kwa hatua hadi kuwa mji wa mawe. Msikiti wake wa mwanzo ulikuwa wa miti, na ukajengwa upya mara nyingi mahali pale pale. Katika kila tabaka, tangu ya kwanza, vyungu vya kienyeji ndivyo vilivyotawala. Hapakuwa na siku ambayo wageni walishuka na mji wao mkononi. Wenyeji walijenga, wakasilimu, wakafanya biashara na kutajirika.

Vyungu vya zama hizo, vyenye nakshi za pembetatu zilizokwaruzwa shingoni, vimepatikana kuanzia visiwa vya Lamu hadi Msumbiji na Komoro, na pia mbali na ufuo. Mtanzania Felix Chami alivifuatilia katika Pwani ya nchi yake na kuonyesha mwaka 1994 jinsi vilivyorithiana na vyombo vya wakulima na wafua chuma wa Kibantu waliotangulia. Mkenya Henry Mutoro alichimba katika kaya za Wamijikenda na kukuta kwamba msitu wa bara na mji wa ufukweni vilijuana tangu zamani. George Abungu aliufuata Mto Tana, na Chapurukha Kusimba akakusanya hoja hizo katika kitabu cha mwaka 1999 kuhusu kuinuka na kuanguka kwa dola za Waswahili.

Gede yenyewe ilichimbwa tena baada ya mwaka 1999 na Mfaransa Stéphane Pradines, aliyeonyesha kwamba watu waliishi hapo mapema kuliko Kirkman alivyodhani.

Mageuzi ya namna hiyo hayakutokea Afrika pekee. Kusini-magharibi mwa Marekani, wataalamu waliamini kwa muda mrefu kwamba kila kijiji cha Wahindi Wekundu wa Pueblo kilijifinyangia vyungu vyake. Katika miaka ya 1930 Anna Shepard alivikata vipande vyembamba vigae vya Pecos, akavitazama kwa hadubini, na kugundua chembe za mawe yasiyopatikana karibu na kijiji hicho. Vyungu vingi vilikuwa vimenunuliwa kwa wafinyanzi wa mbali. Huko ilidhaniwa kwamba hakuna biashara, ikaonekana ipo. Hapa biashara ilionekana tupu, na wafinyanzi wa nyumbani wakasahauliwa. Katika sehemu zote mbili aliyesahihisha ni kigae.

Kutoka mlimani hadi deltani

Ni katika hatua hii ndipo habari za Gede zinapoikaribia Muthara. Mito mingi inayoteremka kutoka Mlima Kenya na upande wa kusini wa milima ya Nyambene huingia Tana, na Tana humwaga maji yake katika ghuba ya Ungwana, karibu na magofu ambayo Kirkman aliyachapishia ripoti mwaka 1966. Alipoyachimba, aliyatazama akiwa ameipa nyuma bara. Watafiti waliomfuata waligeuka na kuutazama mto.

Vyungu vimechora njia nyingine pia. Katika miaka ya 1960 Robert Soper alitambua huko Kwale vyombo vya wakulima wa mwanzo waliotumia chuma, vya karne za mwanzo za Miladia. Mwaka 1971 Mfini Ari Siiriäinen alichapisha habari za Gatung'ang'a, katika nchi ya Nyeri, ambako baadhi ya vigae vilikuwa na ndugu zao miongoni mwa vile vya Kwale. Lugha nayo inashuhudia: nyungu ambayo Mswahili hujifukizia ni neno moja na lile linalotumiwa jikoni katika nchi ya Mlima Kenya.

Hayo hayathibitishi kwamba Mbwaa ni Manda. Simulizi ni simulizi, na kigae hakisemi jina la aliyekifinyanga. Yanachothibitisha ni kwamba mzee wa Kimeru anayesema watu wake waliijua bahari hasemi jambo la ajabu. Ukuta uliodhaniwa kuitenga Pwani na bara haukuwako. Palikuwa na njia, na watu walipita wakiwa na vyungu vichwani.

Kirkman alistaafu utumishi wa Fort Jesus mapema katika miaka ya 1970. Hakuacha kuandika, na mwaka 1976 alihariri kitabu kuhusu mji wa Sana'a nchini Yemen. Alifariki dunia mwaka 1989, wakati ambapo uchimbaji wa Shanga ulikuwa umekwisha lakini ripoti yake kamili, iliyotoka mwaka 1996, ilikuwa bado.

Si haki kumhukumu kwa kosa lake peke yake. Pasipo yeye, msitu ungeendelea kuila Gede na ngome ya Mombasa ingebaki jela kwa miaka mingi zaidi. Alichapisha alichokipata, kikiwemo kile ambacho kingekuja kumpinga, na hilo ni jambo ambalo si kila msomi amelifanya. Fort Jesus iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, na Gede ikafuata mwaka 2024, safari hii ikitambuliwa kuwa mji wa Waswahili.

Wageni wanaozunguka magofu hayo bado huongozwa kwa majina aliyoyatoa Kirkman. Huonyeshwa mahali palipopatikana mkasi, ushanga na taa ya chuma. Nyumba ya Bakuli la Kaure ipo. Nyumba ya chungu cha kupikia haipo, ingawa kila nyumba ya Gede ilikuwa nacho.